Kujitolea Ukiwa Umeshastaafu: Mwongozo Kamili wa Kuanza na Kudumu Bila Kuugua wala Kununiana Nyumbani

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari zenu.

Naandika hii kwa sababu swali linarudi lile lile kila mara. Mtu kastaafu, watoto wameshaondoka au wapo ila kila mtu na hamsini zake, nyumba kimya, anasema bora nikajitolee. Anajiandikisha sehemu tatu kwa mpigo, wiki ya kwanza anawaka moto, ya pili bado yupo, ya tatu mgongo umekamata na mwenzake nyumbani kanuna na binti anauliza sasa nani atabaki na mtoto, ya nne simu ya mratibu haipokelewi tena. Mwisho anasema "haya mambo si ya umri wangu".

Umri hauna kosa hapo. Kilichoharibika ni mpangilio, watu wanaanzia kwenye shirika wakati hii kazi inaanzia nyumbani kwako, mezani, na daftari. Hatua ya pili na ya tatu ndo watu wanaziruka sana, na ndo zinazowarudisha nyumbani, kwa hiyo hizo msiziruke.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja na kalamu. Simu nayo inafaa, ila daftari halizimiki na hata mwenzako nyumbani anaweza kulifungua akaona.
- Kalenda ya ukutani ambayo kila mtu nyumbani anaiona.
- Karatasi yenye majina ya dawa zako zote, kiasi na saa za kumeza, na namba za simu za watu wawili wa kupigiwa likitokea lolote. Ikunje, iishi kwenye pochi.
- Miwani unayoona nayo kweli. Ile ya zamani ambayo mpaka usogeze karatasi mbali haihesabiki.
- Kopi ya kitambulisho, maana sehemu nyingi wataitaka.
- Makadirio ya nauli ya kwenda na kurudi kwa miezi miwili, na pesa hiyo ujue inatoka wapi.
- Mtu mmoja wa nyumbani au wa karibu ambaye ana ruhusa ya kukwambia "umechoka, pumzika" na wewe usikasirike. Usipompata huyu, nusu ya mwongozo huu haitafanya kazi.
- Wiki tatu hivi za maandalizi ambazo hujamwahidi mtu yeyote kitu chochote.

## Hatua ya 1: Andika wiki yako jinsi ilivyo

Chora siku saba, kila siku igawe asubuhi, mchana na jioni. Kwa wiki mbili, kabla ya kulala, jaza ulichofanya siku hiyo (sio ulichopanga, ulichofanya) na pembeni weka alama moja: nguvu zilikuwepo, zilikuwa za wastani, au sikuwa na kitu.

Kwa nini: mstaafu anaamini ana muda wote duniani, na watu waliomzunguka wanaamini hivyo hivyo. Ukianza kuandika ndo unashtuka. Kliniki, kumsubiri mjukuu, kumwona mgonjwa, kikao cha familia, msiba, kumsindikiza ndugu sijui wapi, halafu ule usingizi wa mchana ambao ujanani hukuuhitaji na sasa ukiukosa siku nzima inakuwa chungu. Zote hizo ni kazi hata kama hamna anayeziita kazi.

Angalia: usisubiri "wiki ya kawaida" ndo uanze. Haipo. Wiki yenye msiba ndani yake ni wiki ya kawaida ukishafika umri fulani.

Utajua umefanikiwa: ukiweza kuonyesha kwa kidole vipindi viwili ambavyo wiki zote mbili nguvu zilikuwepo na hakuna aliyekuwa anakutegemea. Kama hamna hata kimoja, jibu umelipata mapema na bure: kuna kitu lazima kitoke kwanza, au utafute kujitolea kwa kukaa nyumbani, mfano kuwapigia simu wazee wanaoishi peke yao, ambayo ni kazi halali kabisa tena ngumu kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 2: Kaa na maisha yako kwanza

Hii inachukua jioni tatu au nne, usiimalize kwa mkupuo. Andika majibu, usiyawaze tu, maana ukiwaza unajidanganya vizuri zaidi.

1. Ni kitu gani nilifanya maishani ambacho hadi leo kikitajwa nasikia raha? (Sio lazima cha ofisini.)
2. Nani alinibeba nilipokuwa sina kitu, na alifanya nini hasa?
3. Nyumbani kwangu nilikosekana wapi?
4. Kitu gani sitaki kukifanya tena hata nikilipwa?
5. Mwaka kesho mjukuu akiniuliza "babu (au bibi), ulikuwa unaenda kufanya nini kule", ningependa nimjibu nini?

Swali la tatu ndo lenye moto. Nimeshakaa na wazee wengi wakiwa wanalijibu, na mara nyingi sana kinachojitokeza ni kwamba mtu alikuwa kazini muda wote watoto wake wakikua, sasa anataka kwenda kuwasomesha watoto wa watu wengine, na hajagundua kwamba anajaribu kulipa deni kwa mtu asiyemdai. Hakuna ubaya kusomesha watoto wa watu. Ila mwanao mwenye miaka arobaini akisikia baba kila Jumamosi yuko na watoto wa mtaani anacheka nao, na yeye hajawahi kupata hata Jumamosi moja, kitamchoma, hata kama hatasema. Mpigie simu huyo kwanza. Hotuba haihitajiki, mwambie tu "nimekuwa nawaza, kipindi kile nilikuwa sipo sana nyumbani", kisha unyamaze, umwache aongee. Baada ya hapo nenda kajitolee na moyo mweupe.

Mwanasaikolojia Erik Erikson aligawa maisha ya mtu kwenye hatua nane. Ya saba ni ile ya kutaka kulea na kuacha kitu kwa wanaokuja nyuma, ya nane ni ya mtu kugeuka na kuyaangalia maisha yake yote, ama anaridhika nayo ama anazama kwenye majuto. Wazee wengi wanaokuja kujitolea wako kwenye zote mbili kwa pamoja, mkono mmoja unatoa na mwingine unafukua ya zamani. Kwa hiyo ukijikuta unalia juu ya daftari usiogope, hujapotea njia.

Angalia sana: kama umefiwa hivi karibuni, hasa na mwenza, usikimbilie kazi ya kukaa na wagonjwa mahututi au waliofiwa. Najua unajisikia unawaelewa kuliko wote, ni kweli unawaelewa, lakini kidonda chako bado kibichi na kila utakapoenda kitafunguka. Anza na kazi ya mikono au ya nje, hiyo nyingine itakusubiri. Na kama zaidi ya wiki mbili mfululizo huna hamu ya kitu, hulali, huli, kila kitu kizito, hiyo ni safari ya daktari kabla ya safari ya shirika.

Utajua umefanikiwa: una sentensi moja inayoanza na "Nataka kwenda kwa sababu..." na ukiisoma kwa sauti huoni aibu. "Kwa sababu nyumbani kunaniboa" ni sababu nzuri tu. "Kwa sababu nataka wajue bado nipo" nayo ni ya kweli, ila ijue, maana ndo itakayokufanya ukubali vyeo ambavyo hukuvitaka.

## Hatua ya 3: Kikao cha nyumbani

Hapa ndo wengi wanaanguka. Wanaona kujitolea ni jambo jema kwa hiyo nani atapinga? Watapinga bwana. Hawatapinga mdomoni, watapinga kwa kununa, kwa kuugua ghafla siku yako ya zamu, kwa kukuletea mtoto mlangoni saa mbili asubuhi bila kukwambia.

Waite wote wanaoguswa na muda wako: mwenza, mtoto anayekuachia wajukuu, ndugu unayemuuguza. Nenda na kalenda, sio na wazo tu. Ongea mambo manne:

Siku na saa. Sema kwa saa, sio "nitakuwa natoka toka kidogo".

Wajukuu. Mazungumzo yanayoenda vizuri huwa yanafanana na haya:

— Mama, sasa Jumatano nani atabaki na mtoto?
— Jumatano asubuhi mpaka saa sita mimi sipo. Kuanzia saa saba nipo, mlete. Una wiki tatu za kutafuta mtu wa asubuhi, na nitakusaidia kutafuta.
— Ila si ungechagua siku nyingine?
— Nyingine zote nimeshakupa mwanangu, angalia kalenda.

Ona kilichofanyika hapo. Mama hajaomba ruhusa, hajaomba msamaha, ametoa muda wa kujipanga na ameonyesha kalenda. Ukianza na "samahani mwanangu, nilikuwa nafikiria labda kama haitakusumbua", umeshashindwa.

Upande wa pili wa shilingi, mzee usiwe mkali bure. Huyo binti labda anafanya kazi ya watu wawili na wewe ndo nguzo yake pekee. Ukimwondolea ghafla, nyumba yake inayumba, na saa ulizotoa kwa jamii utakuwa umezikata kutoka kwa damu yako mwenyewe.

Mwenza. Mliokuwa mnaonana jioni tu kwa miaka thelathini sasa mnaonana kutwa, mmoja anatafuta upenyo wa kutoka na mwingine anaona anakimbiwa. Liongeeni wazi. Mara nyingi dawa ni rahisi, mnachagua siku moja ambayo ni yenu na haiguswi na shirika lolote.

Pesa. Nauli inatoka wapi, kikomo ni kiasi gani kwa mwezi, na utafanya nini mtu unayemsaidia akikuomba pesa (atakuomba). Amueni pamoja nyumbani ili siku hiyo uweze kusema "hilo tumekubaliana nyumbani sifanyi" bila kumung'unya maneno.

Utajua umefanikiwa: kipindi chako kimeandikwa kwenye kalenda ya ukutani na mwandiko sio wako. Mtu mwingine ndo aandike. Kuna kitu kinabadilika pale mwanao anaposhika kalamu na kuandika "Mama hayupo" kwa mkono wake.

## Hatua ya 4: Ukweli kuhusu mwili

Hii fupi ila isomeni.

Masikio yanayozeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, na sauti za watoto na herufi kama s, f na th ziko huko huko. Ndo maana mzee anasikia kwamba mtoto anaongea ila hapati neno, hasa kwenye ukumbi wenye kelele. Omba chumba kidogo, kaa mgongo ukiwa ukutani, na mtu akae mbele yako umwone mdomo.

Macho yanataka mwanga mwingi zaidi kuliko zamani. Kaa dirishani.

Kama unatumia dawa za presha, ukisimama ghafla dunia inaweza kuzunguka. Keti ukingoni mwa kiti kwanza, chezesha miguu, halafu simama. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni la pili kwa kusababisha vifo vya ajali duniani, nyuma ya ajali za barabarani tu, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea, kwa hiyo kupanda kiti kubandika mapambo ya ukumbi sio kazi yako. Waachie vijana.

Shirika hilo hilo linashauri wenye miaka 65 na kuendelea wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya kujenga uimara wa kusimama siku tatu au zaidi. Ukiweza kutembea kwa mguu kwenda kwenye zamu yako, umeshaanza kuzihesabu hizo dakika.

Na ulizia choo kiko umbali gani. Usione haya, kuna watu wameacha kujitolea kwa sababu hiyo peke yake na wakasema wamechoka.

## Hatua ya 5: Chagua kazi moja, yenye mwanzo na mwisho

"Nataka kusaidia vijana" sio kazi. "Kusoma na watoto wawili wa darasa la pili, Jumatano saa tatu mpaka saa tano asubuhi, mpaka muhula uishe", hiyo ndo kazi. Inakuwa na kitendo, watu, saa na mwisho. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne rudi mezani.

Mfano ninaoupenda ni wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na bibi 14 kule Mbare, Harare. Bibi hawakuambiwa "saidieni jamii". Walifundishwa kitu kimoja: kukaa kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza mtu mwenye mawazo mazito, kumsaidia achague tatizo moja kati ya mengi aliyonayo, na wapange naye hatua ya kulikabili. Mradi unaitwa Friendship Bench, na mwaka 2016 utafiti wake ulichapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA ukaonyesha waliokaa na hao wahudumu walipata nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Umri wa wale bibi haukuwa kikwazo hata kidogo, ulikuwa ndo mtaji, ila mtaji huo ulifungiwa kwenye kazi ndogo inayoeleweka, yenye mafunzo na wasimamizi.

Sasa mtego. Mzee akiingia tu kwenye kikundi anapewa uenyekiti. Ni heshima, ndio, lakini angalia kinachokuja nayo: simu za usiku, migogoro ya watu usiowajua, sahihi kwenye karatasi ambazo hukuziandika, na mikutano isiyoisha. Ulienda kusoma na watoto, sasa unasuluhisha nani alikula hela ya viti. Mwaka wa kwanza kataa cheo chochote. Sema, "Nashukuru sana kwa heshima hiyo, mwaka huu naomba nijifunze kwanza, nitawashauri nikiwa pale nyuma." Uhazini ndo kabisa, usiuguse.

Utajua umefanikiwa: unaweza kumweleza jirani kazi yako kwa pumzi moja.

## Hatua ya 6: Nenda ukaone, uliza maswali

Nenda siku ya kazi, sio siku ya sherehe. Kaa nusu saa uangalie. Halafu muulize mratibu:

- Nani atanielekeza, na nikikwama nampigia nani?
- Aliyekuwa anafanya kazi hii kabla yangu aliondoka kwa nini?
- Nikiumwa, nani anashika nafasi yangu?
- Nauli inarudishwa au hairudishwi?
- Nikiumia nikiwa hapa, inakuwaje?

Swali la pili liangalie usoni zaidi kuliko masikioni. Akicheka na kusema "ah, watu tu, hawana moyo", na wameondoka wengi, tatizo liko ndani.

Angalia: shirika likidai ada ya kujiandikisha kabla hujaona hata kazi yenyewe, au mtu akitaka namba zako za siri za benki "ili tukurudishie nauli", ondoka. Wazee wanalengwa sana na matapeli kwa sababu wana kiinua mgongo na wana huruma. Kwenye kazi za watoto, sehemu makini itataka kukukagua historia yako na itakuwa na sheria kwamba mtu mzima habaki peke yake na mtoto chumba kimefungwa. Msione wanawadharau. Hiyo sheria inamlinda mtoto na inakulinda na wewe, sehemu isiyo nayo ndo ya kuogopa.

## Hatua ya 7: Majaribio ya wiki sita, saa mbili kwa wiki

Mwambie mratibu maneno haya haya: "Nitakuja mara moja kwa wiki, saa mbili, kwa wiki sita, halafu tukae tuongee." Usiongeze hata kama unajisikia una nguvu za simba.

Kwa nini saa mbili: mwaka 2020 kulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia karibu watu 13,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Waliojitolea saa 100 au zaidi kwa mwaka, ambazo ni kama saa mbili kwa wiki, walikuwa na hatari ndogo ya kufariki na ya kupungukiwa uwezo wa mwili katika kipindi kile, wakilinganishwa na wasiojitolea kabisa. Tuwe wakweli, mwenye afya ndo anayeweza kutoka kujitolea, kwa hiyo huwezi kusema kujitolea peke yake ndo kumefanya hivyo hata kama watafiti walijaribu kulipima hilo. Ila angalia kiwango chenyewe kilivyo kidogo. Hamna anayekudai siku tano.

Kwa nini wiki sita: wiki mbili za kwanza ni mapenzi mapya, ya tatu na ya nne uchovu unajitokeza, ya tano unaanza kujua majina, ya sita ndo unajua kama unapenda kweli. Na ukiwa na mwisho, kuacha hakugeuki aibu.

Kila ukirudi andika mistari miwili tu: mwili ulikuwaje, na nani niliyemwona leo.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema kidogo, kunywa maji, ulizia choo, kaa.

Msimamizi wako anaweza kuwa na umri wa mjukuu wako. Atakuamkia, wewe muitikie, halafu akikupa maelekezo yafuate. Ukianza na "sisi enzi zetu" ndani ya saa ya kwanza umeshafunga mlango. Uzoefu wako utaulizwa, subiri uulizwe, na ukiulizwa jibu kwa ufupi.

Ngoja nioneshe kazi moja kwa karibu, kusoma na mtoto, maana wengi mnaichagua hiyo. Kaeni ubavu kwa ubavu, sio kutazamana, kitabu katikati. Mtoto aweke kidole chake chini ya mstari, kidole chake yeye, sio chako. Akikwama kwenye neno, hesabu moyoni mpaka tano kabla hujafungua mdomo. Hizo sekunde tano ni ndefu kweli kweli, utatamani kumsaidia, jizuie. Mara nyingi kwenye ya tatu au ya nne midomo yake inaanza kucheza bila sauti, anajaribu silabi ya kwanza, anarudi, anaunganisha, na linatoka. Asipoweza, mpe silabi ya kwanza tu. Akimaliza ukurasa usiseme "we una akili sana", sema kitu ulichokiona: "neno lile refu ulirudi nyuma ukaligawa, ukalipata". Atajua kwamba ulikuwa unamwangalia yeye.

Kwa wanaokaa na wazee wenzao au wagonjwa, kanuni ni ile ile, ngoja kidogo kabla ya kuongea. Na usijibu kila maumivu yake kwa maumivu yako.

Utajua umefanikiwa: umerudi nyumbani umechoka ila uchovu wa kulala vizuri, na kesho yake asubuhi umeamka kawaida. Ukiamka umevunjika siku mbili mfululizo, punguza kutoka saa mbili iwe moja, kabla hujafikiria kuacha.

## Hatua ya 9: Wiki ya sita, kaa uamue

Fungua daftari, soma mistari yako yote. Muulize yule mtu wako mwenye ruhusa ya kukwambia ukweli: "Nimekuwaje wiki hizi nyumbani?" Huyo anajua kama umechangamka au umekuwa mkali.

Njia ziko tatu: endelea hivi hivi kwa miezi mitatu mingine, punguza au badilisha kazi, au acha. Kuongeza saa sio mojawapo kwa sasa.

Ukiacha, acha kwa sauti. Usizime simu. "Mratibu, wiki zangu sita zimeisha, nashukuru, sitaendelea. Ijumaa nitakuja kumwonyesha anayechukua nafasi yangu." Kama kuna mtoto au mzee aliyekuzoea, muage uso kwa uso na umwambie sababu inayoeleweka, maana mtu aliyezoea kuachwa anaamini kila anayeondoka ameondoka kwa ajili yake.

## Yakienda kombo

Mratibu ananiongezea kazi kila wiki. Ana upungufu wa watu, sio mbaya wako. Jibu moja tu, rudia bila kuongeza maelezo: "Mimi ni Jumatano, saa mbili." Ukianza kueleza sababu atazijibu moja moja.

Kikundi cha simu kinanichosha. Meseji mia kwa siku, salamu, picha za maua, mabishano. Zima mlio, mwambie mratibu jambo la lazima akupigie. Kama herufi ni ndogo, kuza maandishi kwenye mipangilio ya simu, mwambie kijana wa nyumbani afanye mbele yako taratibu, halafu ufanye mwenyewe akiangalia.

Watoto wangu wanasema natumika bure. Waalike waje waone siku moja. Bishana kidogo tu, waalike zaidi.

Sikumbuki majina. Andika kwenye daftari na kitu kimoja cha kumtambulisha mtu, mfano "mrefu, anacheka kabla ya kuongea", upitie ukiwa njiani. Ila kama unasahau njia uliyoizoea au zamu yenyewe, mwambie mtu wa nyumbani muende hospitali, mengi yanayosahaulisha wazee yana tiba, ikiwemo mchanganyiko wa dawa na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri.

Nimeugua, nimekosa mwezi mzima. Piga simu mapema, sema utarudi lini au kwamba hujui. Ukirudi usianzie ulipoishia, anza na saa moja kwa wiki mbili, na kuhusu kurasa ambazo mtoto amesoma wewe haupo, mwenzako aliyeshika zamu atakuwa ameandika walipofika kama mlikubaliana hivyo kwenye hatua ya 6. Kama hamkukubaliana, pigeni simu leo mkubaliane.